Kuchagua Aina za Miparachichi kwa Bustani ya Nyumbani

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Tumetakiwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya jambo linaloulizwa kila juma katika ofisi yetu na katika vyama vya msingi, nalo ni hili: mwanachama mwenye nafasi ya miti michache kando ya nyumba yake, apande parachichi la aina gani? Swali hili ni fupi, lakini jibu lake hukaa shambani miaka 30 na zaidi. Mwenye kukosea katika mahindi hujisahihisha msimu ujao. Mwenye kukosea katika mti hungoja miaka minne ndipo ajue kwamba alikosea, na wakati huo fedha imekwisha kutoka, na kivuli cha mti kimekwisha kutwaa mahali pa mgomba.

Twasema habari hii siku ya leo kwa sababu miti inayopandwa mwaka huu ndiyo itakayohesabiwa na wale watakaosimama hapa katika sherehe ya mwaka wa 20. Katika miaka 10 iliyopita tumejifunza kupima, kuweka hesabu na kuuza kwa pamoja. Sasa parachichi la biashara limeingia mashambani mwetu kwa kasi, kama lilivyoingia Rungwe, Njombe na Kilimanjaro, na kama lilivyoingia Murang'a kwa jirani zetu wa Kenya. Kila siku ya gulio wachuuzi wa miche huonekana, na kila mche huitwa Hass. Wako wachuuzi waaminifu, na wako wasio waaminifu. Baadhi ya wanachama wetu wamengoja miaka minne, wakapata matunda ambayo mnunuzi aliyageuza mara moja mkononi na kuyarudisha kikapuni. Hasara ya namna hiyo hakuna anayeilipa ila mkulima mwenyewe na watoto wake.

Ushauri wetu wote waweza kutiwa katika neno moja, nasi twaliweka mbele ili msikilizaji alishike tangu mwanzo: mti wa soko na uwe wa aina moja kwa wanachama wote, na miti ya nyumbani na iwe ya aina zaidi ya moja. Sasa tutatoa sababu zake.

MBEGU HAIZAI MFANO WAKE

Mwanachama akila parachichi zuri huweka kokwa katika kopo, nalo huota. Ni desturi njema, lakini yapasa ajue atakachopata. Kokwa la Hass halizai Hass. Mti uotao kwa mbegu hurithi kwa mama na kwa baba, na baba hajulikani, kwa kuwa chavua huletwa na nyuki kutoka mti wowote ulio karibu. Ndiyo sababu maparachichi ya kienyeji ya kijiji kimoja hutofautiana: moja refu, jingine la mviringo, moja la mafuta, jingine la maji. Tena mti wa mbegu hukawia. Waweza kuchukua miaka 5 hata 8, au zaidi, kabla ya kuzaa, hali mti uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4.

Njia ya kupata aina ile ile ni kubebesha, yaani kuchukua kitawi cha mti unaojulikana na kukiunga juu ya mche ulioota kwa mbegu. Sehemu ya chini hutoa mizizi. Sehemu ya juu hutoa matunda, nayo huzaa sawasawa na mti ule kilikokatwa kitawi.

Habari za Hass zenyewe zatufundisha jambo hili. Bwana Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua katika jimbo la California, Marekani. Katika miaka ya 1920 alipanda makokwa katika shamba lake dogo huko La Habra Heights, akikusudia kubebesha juu yake aina ya Fuerte, iliyopendwa na soko la siku zile. Mche mmoja ulikataa kushika kitawi. Ukaachwa ukue wenyewe, ukazaa tunda lenye ngozi ngumu ya vipele, ambalo huwa jeusi likiiva, na watu wa nyumbani kwake wakaisifu ladha yake. Mwaka 1935 alipewa hati ya serikali ya kumiliki aina hiyo. Mti ule wa kwanza ulikufa kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Lakini kila mti wa Hass ulioko duniani, pamoja na ule ulioko nyuma ya nyumba yako, ni kitawi kilichotoka katika vitawi vya mti ule mmoja. Basi mtu akikuuzia Hass iliyoota kwa kokwa, ujue kwamba amekuuzia jina la mama; mtoto ni mwingine.

SWALI LA KWANZA: MTI HUU NI WA NANI?

Kabla ya kununua mche, mwanachama na ajiulize kama tunda litakwenda sokoni ng'ambo, au gulioni, au chunguni kwake. Midomo hii mitatu hailingani.

Mnunuzi wa ng'ambo hutaka Hass. Sababu zake ni za kazi kuliko za ladha. Ngozi ya Hass ni nene, hivyo tunda huvumilia kreti, lori na meli. Ikiiva hubadili rangi kutoka kijani kuwa nyeusi, na mwenye duka humwonyesha mteja lililo tayari bila kulibonyeza. Ukubwa wake ni wa kadiri, nao hupangika vizuri katika boksi. Kwa mwanachama anayetaka fedha kupitia Chama, hatuoni sababu ya kumtafutia aina nyingine.

Fuerte ni tunda la umbo la peari, lenye ngozi laini inayobaki kijani hata likiiva, na nyama yake ni ya mafuta mengi. Kitawi chake kilichukuliwa Atlixco, nchini Mexico, mwaka 1911, kikapelekwa California. Mwaka 1913 ilishuka baridi kali iliyoua miche mingi huko, na aina hii ikasalimika. Ndipo ikaitwa Fuerte, neno la Kihispania lenye maana ya mwenye nguvu. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya Hass, kwa hiyo huumia upesi safarini. Tena mti wake una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na pahali penye unyevu mwingi matunda yake hupata madoa upesi. Hata hivyo, kwa meza ya nyumbani na kwa gulio, wengi huipenda kuliko Hass.

Yafaa tukumbuke kwamba hapo kwanza soko la California lilipenda Fuerte, na tunda jeusi lilidhaniwa kuwa limeoza. Hass haikuipita Fuerte huko mpaka miaka ya 1970. Soko hubadili mapenzi yake, na mti hauwezi kuhama. Mkulima aliyepanda kwa ajili ya mnunuzi peke yake amemkabidhi mgeni funguo za bustani.

Kwa chungu cha nyumbani ziko aina nyingine zinazofaa. Reed ni tunda kubwa la mviringo, la kijani, lenye kukomaa baada ya Hass na kuweza kukaa mtini muda mrefu. Mti wake hupanda juu bila kutanuka sana, hivyo wafaa mahali pembamba. Pinkerton ina shingo ndefu na kokwa dogo, hivyo nyama yake ni nyingi. Na ule mti wa kienyeji uliopandwa na babu, ambao watoto huujua kwa ladha, usikatwe kwa sababu ya aibu ya kuitwa wa zamani. Umekwisha kuonyesha kwamba waweza udongo wetu na mvua yetu.

SWALI LA PILI: SHAMBA LIKO MAHALI GANI?

Miparachichi yote asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, lakini iko ya koo tatu. Ukoo wa Mexico huvumilia baridi, na tunda lake lina ngozi nyembamba na mafuta mengi. Ukoo wa Guatemala ni wa nyanda za juu. Ngozi yake ni nene na hukawia kukomaa. Ukoo wa tatu, uitwao wa Visiwa vya West Indies, ni wa joto la pwani. Matunda yake ni makubwa, laini, na yenye mafuta kidogo. Fuerte ni chotara wa koo mbili za kwanza. Hass nayo ina damu ya zote mbili.

Kwa hiyo mwanachama aliye juu milimani, penye kahawa, migomba na ukungu wa asubuhi, yuko nchi ya Hass. Mwenye shamba chini kabisa, penye minazi au karibu na ardhi ya minazi, asione fahari kupanda Hass kwa kuwa mwenzake wa mlimani ameipanda. Penye joto kali matunda ya Hass hubaki madogo, na mnunuzi huyakataa kwa udogo. Huko chini zafaa aina zenye damu ya pwani, kama Simmonds, Booth 7 na Booth 8, au miti ya kienyeji ya huko huko iliyochaguliwa vizuri.

Baada ya mwinuko yatazamwe maji. Mparachichi hupenda maji na huchukia kusimama ndani ya maji. Mizizi yake mingi haizami sana. Hukaa karibu na uso wa ardhi ikitafuta hewa. Maji yakituama, viini vya ugonjwa vilivyomo udongoni huishambulia mizizi ikawa myeusi na kuvunjika upesi. Majani huwa madogo na kupauka, na matawi hukauka kuanzia juu. Huo ndio ugonjwa ulioua mti wa Bwana Hass. Hakuna aina ya juu inayomkinga mkulima na ugonjwa huu shambani penye tope, kwa kuwa vita viko chini, katika mizizi. Basi chimbeni shimo la majaribio la kina cha sentimita 60, mlijaze maji jioni, mlitazame asubuhi. Maji yakiwa bado yamo, pandeni juu ya tuta, au mahali hapo mpaachie magimbi.

Kwa sababu hiyo hiyo msilime kwa jembe kuzamisha chini ya mti. Funikeni kwa majani makavu na maganda ya migomba, mkiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Wala msihamishe udongo kutoka shamba lenye mti uliokufa kwenda katika shimo jipya.

SWALI LA TATU: MWENZI WAKE NI NANI?

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wachuuzi wa miche hawalisemi. Ua la mparachichi lina sehemu ya kike na sehemu ya kiume pamoja, lakini hazifanyi kazi kwa wakati mmoja. Ua hufunguka mara mbili katika siku mbili. Mara ya kwanza huwa jike, tayari kupokea chavua. Hufunga, kisha hufunguka mara ya pili likiwa dume, likitoa chavua.

Wataalamu wamezigawa aina zote katika makundi mawili. Kundi A maua yake huwa jike asubuhi ya siku ya kwanza, na huwa dume alasiri ya siku ya pili. Kundi B maua yake huwa jike alasiri ya siku ya kwanza, na huwa dume asubuhi ya siku ya pili. Tazameni basi hekima iliyomo: asubuhi A hupokea wakati B anatoa, alasiri B hupokea wakati A anatoa. Hass, Reed, Pinkerton na Simmonds ni za kundi A. Fuerte, Bacon, Zutano, Ettinger, Booth 7 na Booth 8 ni za kundi B. Kule Israel wakulima huchanganya Ettinger na Hass, na kule California wengine hutumia Zutano, kwa sababu hii hii.

Hatusemi kwamba Hass ikiwa peke yake haizai. Huzaa, kwa kuwa maua ya mti mmoja hayafuati saa kama askari wa gwaride, na siku za baridi huivuruga ratiba yao. Lakini mwenye mwenzi wa kundi B karibu huongeza nafasi ya maua kushika. Kumbukeni kwamba mti mkubwa waweza kutoa maua mamia ya maelfu, na yanayofikia kuwa tunda ni moja au mawili tu katika kila elfu. Kila msaada hapo una thamani.

Na mjumbe wa msaada huo ni nyuki. Bustani yenye mizinga karibu ni bustani yenye wafanyakazi wasiodai posho. Wakati wa maua tusipulize dawa za wadudu mchana, nyuki wakiwa kazini. Atakayepuliza atakuwa ameua vibarua wake na wa jirani yake.

FUNZO LA KAHAWA

Wako wanachama watakaouliza: madhali Hass ndiyo yenye fedha, kwa nini tusipande Hass kila mahali, na kahawa tukaing'oa? Jibu letu twalichukua katika kahawa yenyewe. Wazee wetu walipewa aina za N39 na KP423, aina zenye kinywaji kitamu, nazo zikajenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini aina hizo hazina kinga ya kutosha kwa chulebuni na kutu ya majani. Magonjwa yalipoenea, mwenye shamba hakuwa na njia ila kununua dawa mwaka hata mwaka, na bei ya kahawa iliposhuka, dawa ilimshinda. Ndipo watafiti wa kahawa wa Tanzania wakazalisha aina mpya zenye ukinzani, na wakulima wakaanza kazi ya kubadili mibuni.

Tumekwisha kusema kwamba miti yote ya Hass ni mti mmoja uliogawanywa. Ugonjwa utakaoupata mmoja na kuushinda, una njia ya kuwashinda wote. Hatumtishi mtu, twasema tu kwamba mwenye akili hafungi ng'ombe wake wote kwa kamba moja. Kahawa na ikae pale inapolipa, mgomba na ukae kwa ajili ya chakula, na parachichi lipewe mahali pake palipopimwa. Ndani ya mahali hapo, miti michache na iwe ya aina nyingine.

Na mwenye mti mkubwa wa kienyeji asiotaka tena matunda yake, asiukimbilie kwa shoka. Mti mkubwa waweza kukatwa juu, machipukizi yake yakabebeshwa vitawi vya aina nzuri, ukaanza kuzaa upesi kuliko mche mpya kwa kuwa mizizi yake ni ya mtu mzima. Kazi hii yataka fundi. Wako vijana katika vyama vya msingi wenye mikono mizuri, nao wakifundishwa watapata kazi hapa hapa nyumbani.

KUUPIMA MCHE KABLA YA KULIPA

Jani la Hass halitofautiani na jani la mwingine kwa macho ya mnunuzi wa kawaida. Kwa hiyo kinachonunuliwa gulioni ni neno la mtu, na neno hilo lapasa kuwa na mwenyewe. Mwanachama na ayaangalie haya kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza, mche uwe na kiungo kinachoonekana, sentimita 20 hadi 30 juu ya udongo, kilichoshikana vizuri pande zote. Mche usio na kiungo ni wa mbegu, hata ukiitwa jina gani. Wakati wa kupanda, kiungo kisifukiwe.

Pili, muuzaji aseme vitawi vilikatwa katika mti upi, na mti huo uweze kutembelewa ukiwa na matunda. Asiyeweza kuonyesha mti mama ameuza fumbo.

Tatu, aseme mche wa chini ulitoka kokwa la wapi. Makokwa mema hutolewa katika matunda yaliyochumwa kwenye mti wenye afya. Yaliyookotwa chini yaweza kuja na ugonjwa wa kuoza mizizi.

Nne, chini ya mfuko mizizi iwe myeupe na hai, isiwe imezunguka kama ukindu ndani ya ukili. Mche uliozeeka katika mfuko hudumaa shambani.

Tano, apewe stakabadhi yenye jina la aina, tarehe na jina la muuzaji. Muuzaji anayekataa kuandika, amekwisha kujibu maswali yote ya juu.

Chama cha msingi kikinunua kwa pamoja, maswali haya huulizwa mara moja na mtu mmoja anayeyajua, kwa faida ya watu 100. Mkulima mmoja mmoja gulioni hana sauti; wanachama 100 wenye oda moja husikilizwa. Hii ndiyo maana ya ushirika, wala haianzi siku ya kuuza mavuno. Huanza siku ya kununua mche.

AINA NA UVUNAJI

Iko sababu moja zaidi ya kutaka mti wa soko uwe wa aina moja. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini, na kuiva huanza baada ya kuchumwa. Tunda lililochumwa changa halitaiva vizuri hata likikaa juma zima. Hunywea, likawa kama mpira, na mlaji wa ng'ambo haulizi ni la mkulima yupi. Hulaumu nchi nzima. Ndiyo sababu Kenya hufunga uchumaji wa Hass na Fuerte za kupelekwa ng'ambo kwa meli katika majira ambayo matunda hayajakomaa.

Ukomavu hupimwa kwa uzito mkavu. Huchukuliwa gramu 100 za nyama ya tunda, bila ganda wala kokwa, zikakatwa nyembamba na kukaushwa polepole mpaka uzito usipungue tena. Kwa kipimo cha kimataifa, Hass lapasa kubakiza gramu 21 au zaidi, na Fuerte, Pinkerton na Reed gramu 20. Mzani mdogo wa gramu ukiwepo katika chama cha msingi, mabishano mengi ya mnunuzi na mkulima yatakwisha.

Lakini kipimo hicho husema kweli pale tu mzigo unapokuwa wa aina moja. Kreti yenye Hass, Fuerte na matunda ya kienyeji pamoja haina siku moja ya kuchumwa wala siku moja ya kuiva. Mwanachama mmoja akichanganya, mzigo wa wote hushuka daraja. Kwa hiyo twaomba mti wa soko uwe Hass kwa kila aliye katika mwinuko unaofaa, na matunda mengine yaende gulioni au mezani, yasiingie katika kreti ya Chama.

MFANO WA MITI KUMI

Mwanachama mwenye nafasi ya miti 10, kwa umbali wa mita 7 kwa 7, atahitaji kama sehemu moja ya nane ya eka. Kwa shamba la mlimani twapendekeza mpango huu.

Miti 7 iwe Hass, kwa ajili ya Chama na ada za shule. Mti 1 uwe Fuerte au aina nyingine ya kundi B, uwekwe katikati ili nyuki wafike pande zote, nao upewe nafasi zaidi kwa kuwa Fuerte hutanuka. Mti 1 uwe Reed, ili nyumba iwe na tunda baada ya Hass kwisha. Na mti 1 uwe wa kienyeji, uliochaguliwa na mama wa nyumba mwenyewe kwa ladha, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye watoto wanakula nini.

Mwenye nafasi ya miti 2 tu apande Hass na Fuerte. Mwenye nafasi ya mti 1 amwulize kwanza jirani yake ana nini ng'ambo ya ua, apande wa kundi lingine. Ua la miti halikatazi nyuki kupita. Kwa njia hiyo hata wenye viwanja vidogo watasaidiana bila kutoa senti.

Ndugu wanachama, parachichi halitatutajirisha kwa usiku mmoja, na anayesema hivyo ana miche ya kuuza. Miaka mitatu ya kwanza ni ya kufunika, kumwagilia wakati wa kiangazi na kungoja. Wakati huo wa kungoja huwa mwepesi kwa mtu anayejua kwa hakika alichokipanda, na huwa mzito kwa asiyejua.

Kwa hiyo twaleta ombi moja kwa kila chama cha msingi. Kabla ya mvua zijazo, kila chama kiandike katika daftari miti mizuri iliyomo katika eneo lake: iko kwa nani, ni ya aina gani, na imezaa namna gani katika miaka iliyopita. Daftari hilo halina gharama ila kalamu na miguu. Likikamilika tutajua vitawi vikatwe wapi, na hatutategemea tena neno la mpita njia. Wazee wetu waliotangulia walianza Chama hiki kwa daftari moja la majina ya watu. Sasa tuongeze la pili, la majina ya miti.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.